Mkwe wa Mzee Sedekia

Mzee Sedekia alipanda basi la shirika la reli pale Mbeya, akaketi kiti cha mbele kabisa karibu na dereva, na hakugeuza shingo mpaka Iringa. Si kwamba hakutaka kujua yaliyokuwa yakitokea nyuma. Nyuma alikaa dada yake, Ikupa, amempakata mtoto mchanga, na ubavuni mwa Ikupa, amejifunika kanga mpaka machoni, alikaa Tupokigwe, mke wa mwanawe. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mwanamke na baba wa mumewe hawatazamani. Hawasemezani, hawapishani katika njia moja, na jina la mzee halitoki kinywani mwa mkwewe hata kwa kuteleza ulimi. Sedekia alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, na mengi ya zamani alikuwa ameyaacha bila kujuta, lakini hili hakuliacha. Kwake lilikuwa heshima, na heshima huanzia machoni.

Kwa hiyo alisafiri akisikiliza. Basi lilipopumzika Igawa na abiria wakashuka kutafuta chai, alimsikia mkwewe akiongea peke yake, kwa sauti ndogo isiyokatika, kama mtu anayemsimulia jirani jambo refu. Alisema mtoto wamembadilisha. Alisema aliye mikononi mwa Ikupa ni jiwe lililofungwa nguo, na kwamba mama yake anamwita akalirudishe kwa wenyewe. Mama yake Tupokigwe alikuwa amekwisha kufariki.

Mwanamke huyu hapo awali hakuwa hivyo. Saulo, mwana wa Sedekia, alipomwoa na kumleta nyumbani kwao Isongole, kwenye milima ya Uporoto, majirani walimsifu Sedekia kwamba amepata mkwe mwenye mikono. Viazi vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya wenzake, na kicheko chake kilisikika ng'ambo ya bonde. Kisha Saulo akaandikishwa kwenda migodi ya Afrika Kusini, mimba ikiwa bado changa. Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Ila baada ya hapo Tupokigwe aliacha kulala, kisha akaacha kula, kisha akaanza kusema na watu wasioonekana. Siku moja walimkuta mtoto amelazwa kwenye tuta la viazi, amefunikwa majani vizuri, na mama yake anaondoka zake taratibu kama mtu aliyemaliza kupanda.

Wengine walisema karogwa, wengine walisema yeye ndiye mchawi. Asukile, mtoto wa kwanza wa Sedekia, alimjia baba yake akamwambia kwa upole, "Baba, huyu arudi kwao. Saulo akija tutamweleza."

"Kwao kwa nani?" Sedekia aliuliza. "Baba yake na mama yake wote tumewazika. Mtu harudishwi kaburini."

Ndipo mganga msaidizi mmoja wa Mbeya alipowaambia habari za daktari wa Iringa.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, nje ya mji, kwenye mteremko unaoshuka mpaka mto Ruaha Mdogo. Daktari aliitwa Philbert Kalinga, Mhehe wa huko huko, kijana mwembamba aliyezoea kuinamisha kichwa anaposikiliza. Alikuwa amesoma Makerere, na mwalimu wake wa chuo alikuwa amemkabidhi kazi: awatibu wanawake wanaovurugika akili baada ya kujifungua, awafundishe wanafunzi wa udaktari waliokuja wakati wa likizo, na achunguze ni kitu gani hasa kinachowasaidia wagonjwa hao kupona. Yote hayo yalifanyika katika nyumba moja ya matofali iliyojengwa kando ya wodi. Katika nyumba ile mama hakutenganishwa na mtoto wake, na hakuna aliyefungwa kamba. Sharti la daktari lilikuwa moja tu, kwamba mtu wa nyumbani akae na mgonjwa.

"Huu ni ugonjwa wa uzazi," alimwambia Sedekia siku ya kwanza, wamekaa barazani. "Unakuja kama homa inavyokuja. Hakuna aliyeuleta, wala yeye mwenyewe hakuutafuta."

Tangu mtoto azaliwe, kila aliyezungumza na Sedekia alikuwa amempa jina la mtu wa kulaumiwa. Huyu alikuwa wa kwanza kutompa.

"Ndaga," alisema, na kwa kuwa daktari hakuelewa, akasema kwa Kiswahili, "Asante, mwanangu."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Ikupa alipolazimika kuondoka. Mumewe alikuwa amepooza na hakuwa na wa kumgeuza kitandani. Walikuwa wamekubaliana kwamba mke wa Asukile angekuja kushika zamu. Walimngoja. Basi lilikuja na kuondoka, likaja tena, na mwishowe dereva akaleta salamu kwamba yule mama haji, anaogopa ugonjwa usije ukamrukia.

Hivyo akabaki Sedekia. Muuguzi, mama mmoja wa Kihehe aitwaye Rozalia, alimwogesha Tupokigwe, akampa vidonge vipya vilivyokuwa vimeanza kuja kutoka Ulaya, akamwekea mtoto kifuani anyonye huku yeye mwenyewe amemshikilia. Aliifanya kazi hiyo kwa mikono laini. Lakini Rozalia hakujua Kinyakyusa, daktari hakukijua, na Tupokigwe hakujua Kiswahili zaidi ya kuomba maji. Alikuwa anasema mchana kutwa na hakuna aliyemwelewa. Kisha akaanza kunyamaza, na ukimya ule ulimtia daktari wasiwasi kuliko maneno.

"Mzee," Kalinga alisema, "nakuomba ukae naye. Umsemeshe, na ututafsirie anachojibu."

"Hilo siliwezi."

"Kwa nini?"

Sedekia akamweleza. Wanafunzi wawili wa Makerere walikuwa wamesimama nyuma ya daktari. Mmoja, mtoto wa mjini, alianza kutabasamu, lakini mwenziwe, Mganda, hakutabasamu. Alisema kwa Kiswahili chake cha kusitasita, "Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanakwepana vivyo hivyo. Mimi nikimwona mama mkwe wangu barabarani naingia majanini. Mzee anasema kweli, daktari. Si jambo la kumlazimisha mtu."

"Sitamlazimisha," alisema Kalinga. "Nilitaka kulielewa tu."

Kwa sababu hakulazimishwa, Sedekia alikwenda kulifikiria. Nyumba ile ilikuwa na vyumba viwili, Tupokigwe akilala katika kimoja, na ukuta katikati yake haukufika darini. Mtu akikohoa chumba hiki alisikika chumba kile. Kesho yake, baada ya uji, mzee aliingia chumba cha pili na kigoda chake, akamwomba Rozalia amletee mjukuu. Rozalia alimleta amefungwa shuka. Sedekia akamlaza mapajani, akaanza kumsemesha.

"Mwana wa Saulo," alisema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida, "umeamkaje? Babu yako ameamka na baridi. Huku Iringa wana upepo, lakini mvua yao ni haba. Kwetu wakati huu ukungu umeshuka mpaka mlangoni, na mbuzi hawataki kutoka."

Baada ya muda, upande wa pili kitanda kikalia, kama mtu amejigeuza.

Siku zilizofuata alimweleza mtoto habari zote za nyumbani: nani ameoa, shamba la nani limeliwa na ngedere, jinsi mchungaji alivyoteleza kwenye tope amevaa joho. Hakumtaja Tupokigwe. Aliongea na mjukuu wake, na kama kuna mtu mwingine aliyesikia, huo ulikuwa ukarimu wa ukuta. Na siku moja, alipokuwa amekosea jina la kijito kinachopita chini ya shamba la Saulo, sauti kutoka upande wa pili ikalisahihisha.

Sedekia alijikaza asionyeshe mshangao. "Umesikia, mwana?" alimwambia mtoto. "Wapo wanaojua kuliko mimi."

Tangu siku ile alianza kujibiwa, na majibu hayakuwa mazuri ya kusikiliza. Sauti ilisema mtoto amekufa zamani, na mzee anacheza na jiwe. Ilisema Saulo amekufa chini ya ardhi na watu wote wanajua, wanamficha. Daktari na wanafunzi waliketi kimya mlangoni, na Sedekia akawatafsiria kila neno kwa Kiswahili, jasho likimtoka ijapokuwa kulikuwa na baridi. Mwanafunzi yule wa mjini aliuliza, "Tumwambie kwamba si kweli?"

"Ukimwambia si kweli utakuwa umemwita mwongo," alisema Kalinga. "Yeye anaona anachokiona. Mwambie unaona anaogopa, na kwamba hutaondoka."

Mzee aliyageuza maneno hayo kwa namna yake. "Mwana wa Saulo," alisema, "ukiogopa, ogopa. Babu yuko hapa. Haendi popote."

Akamwimbia wimbo wa kanisa, si vizuri sana.

Asubuhi moja, daktari na wanafunzi wakiwa wodi kubwa, Sedekia alikuwa barazani akimsaidia Rozalia kumenya maharage. Rozalia alikuwa ameingia bafuni kumwogesha mgonjwa mwingine, mtu asiyeweza kuachwa kwenye maji peke yake. Ghafla aliita kupitia kidirisha cha bafu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayejitahidi asitishe watu.

"Baba, mama mtoto ametoka kwa mlango wa nyuma. Ana mtoto. Anashuka mtoni. Mimi siwezi kumwacha huyu."

Maharage yalimwagika. Mzee alishuka mteremko kwa miguu iliyokuwa haijakimbia tangu ujana. Chini, kati ya matete, alimwona mkwewe kwa nyuma, amesimama juu ya mwamba unaoingia majini, amemkumbatia mtoto. Macho ya Sedekia yalianguka yenyewe chini. Hata katika saa ile yalianguka.

Angeweza kumrukia. Lakini Rozalia alikuwa amemfundisha kwamba aliyeogopa akifukuzwa hukimbilia mbele, na mbele palikuwa na mto. Angeweza kumwita jina na kumwamuru. Aliona kwamba kama angefanya hivyo, mwanamke yule angezungukwa na mambo ya kutisha pande zote, na baba mkwe akiwa mmojawapo. Basi akafanya jambo ambalo baadaye hakuweza kueleza lilitoka wapi. Alivua blanketi lake begani, akajifunika kichwa chote mpaka kifuani, akaanza kutembea.

"Mwana wa Saulo," alisema ndani ya blanketi, "umekwenda kutembea bila kuniaga. Babu naye ametoka kutembea. Nimesahau kukuambia, ng'ombe mwekundu amezaa. Ndama ana baka jeupe usoni. Bado hana jina, anakungoja wewe umpe."

Alipiga hatua, akapiga nyingine. Hakuona kitu ila wekundu wa jua kwenye nyuzi za blanketi. Alisikia maji, kwanza mbali, kisha kila upande. Hakujua tena ukingo ulikuwa wapi, na aliogopa kusimama, kwa sababu akisimama angenyamaza, na akinyamaza hakujua kitakachotokea. Akaendelea kusema habari za ndama. Mguu wake ukakanyaga majani yenye maji, ukateleza.

"Taata, simama." Sauti iliyomwita baba ilikuwa karibu kuliko alivyodhani. "Mbele yako ni maji."

Akasimama, mguu mmoja hewani. Tangu Saulo amlete nyumbani mwanamke huyu, hakuwahi kumwambia neno la moja kwa moja wala kuambiwa.

"Upande gani?" aliuliza.

"Rudi nyuma. Polepole. Hapo pana jiwe, liguse kwa kisigino. Hapo hapo."

Kisha akahisi pindo la blanketi limevutwa. Tupokigwe alikuwa amelishika ncha na kumwongoza kama watu wanavyomwongoza kipofu, bila kumgusa mkono, mpaka majani yakawa makavu chini ya nyayo. Wakaketi. Mzee aligeukia mlima, mwanamke aligeukia mto, migongo yao ikitazamana. Mtoto alianza kulia.

"Analia," alisema Sedekia.

"Ana njaa," alisema Tupokigwe.

Kilio kikakatika. Mzee alisikia mtoto akinyonya, akivuta pumzi na kunyonya tena, na hakukuwa na mkono wa Rozalia wa kumshikilia pale. Machozi yalimtoka ndani ya blanketi, akayaacha yatoke, kwa kuwa hakuna aliyeyaona.

Rozalia alipofika, akihema, na daktari nyuma yake, waliwakuta hivyo. Wakasimama pale wakingoja mtoto ashibe.

Kupona hakukuja siku ile. Zilikuja siku mbaya tena, siku ambazo Tupokigwe alifunika uso ukutani na kumwita mama yake. Lakini zilizidi kuwa chache. Alianza kula. Alianza kulala. Alimwomba Rozalia amfundishe Kiswahili, akaanza na maneno ya jikoni, akaenda mbele. Alipoweza kusimulia, alimwambia daktari, "Nilijua nimebeba jiwe. Lakini nilipoona mzee anaelekea majini, nikasahau jiwe. Nikamwona mzee tu."

Wanafunzi walipokaribia kurudi chuoni, Kalinga aliwakalisha barazani, akaomba ruhusa kwa Tupokigwe na kwa Sedekia wazungumze mbele yao. Tupokigwe alikubali akiwa ndani ya chumba chake, dirisha wazi.

"Ni nini kilichomponya?" aliuliza yule Mganda.

"Nikisema ni vidonge nitakuwa nimesema kweli, lakini si yote," Kalinga alijibu. "Vidonge vilikuwa vimeanza kumshika kabla ya siku ile. Na wapo wanaopona kwa muda tu, bila dawa. Na kuna mtoto kuwa karibu, na kuna lugha, na kuna mzee huyu. Fungu la kila kimoja ni lipi? Mwalimu wangu ananiuliza hivyo hivyo, nami namwambia sijui. Tuendelee kuwafuatilia hawa akina mama mpaka tujue. Mkifika wodini kwenu msijifanye mnajua."

Kisha akageukia dirisha. "Mama, ningependa kwenda kusimulia habari zako chuoni, bila jina. Unasemaje?"

Tupokigwe alifikiri. "Simulia," alisema. "Lakini usiishie mtoni. Wakiishia mtoni watanihurumia. Sema pia kwamba viazi vyangu nitavilima."

Sedekia aliguna kwa kicheko, akakigeuza kikohozi. Daktari aliinamisha kichwa akasema atafanya hivyo. Ndipo alipowaeleza jambo gumu: ugonjwa ule unaweza kurudi mtoto mwingine akizaliwa, na dalili ya kwanza ni usingizi kukimbia. "Msingoje mpaka aanze kusema na wasioonekana," alisema. "Akikosa usingizi tu, njooni."

Walirudi Isongole mvua zikianza. Majirani walisalimia kwa adabu lakini waliwavuta watoto wao karibu. Mke wa Asukile alikaa mbali, kisha aibu ikamzidi, akaleta kikapu cha ndizi na kukiweka mlangoni bila neno. Tupokigwe alizipika, akampelekea nusu. Saulo aliporudi kutoka migodini, mzima, na kikohozi kidogo, habari zilikuwa zimemtangulia njiani zikiwa zimeongezwa chumvi. Alimjia baba yake akakaa chini.

"Baba, wanasema ulizungumza na mke wangu."

"Ni yeye aliyenizungumzisha," alisema Sedekia. "Mimi nilikuwa nimejifunika."

Saulo alicheka, kisha uso wake ukabadilika, akashika magoti ya baba yake kwa mikono yote miwili.

Mwaka uliofuata Kalinga alikuja mwenyewe milimani. Chuo kilikuwa kimemruhusu kuzunguka vijijini kujua ni wanawake wangapi wanaougua hivyo na kufichwa nyumbani. Alihitaji mwanamke anayejua Kinyakyusa na Kiswahili. Saulo alimtazama mkewe, na mkewe akaenda kumfunga mtoto mgongoni.

Basi wakazunguka. Sedekia na daktari walitangulia, mbele kabisa, na nyuma, mbali kwa heshima, alikuja Tupokigwe. Katika nyumba nyingi waliambiwa hapa hakuna ugonjwa wa namna hiyo, na wakapewa maziwa. Kwenye nyumba moja chini ya mlima mzee wa boma aliwajibu vivyo hivyo, lakini Tupokigwe, aliyekuwa bado njiani, alisimama akasikiliza. Nyuma ya nyumba kubwa palikuwa na kibanda kilichofungwa mlango mchana wa jua, na ndani yake mtu alikuwa akiongea kwa sauti ndogo isiyokatika.

Sedekia alipotambua kwamba mkwewe amekata njia kuelekea kibandani, aligeuza uso kwa daktari. Kalinga alikuwa ameshainuka kwenda.

"Ngoja, mwanangu," mzee alimwambia, akamshika kiwiko. "Mwache aingie kwanza."

Walisikia komeo likivutwa. Walisikia Tupokigwe akiingia gizani, akisalimu kwa Kinyakyusa kama mgeni anavyosalimu, na kuuliza kama kuna mahali pa kukaa. Maneno ya ndani yakakatika. Kisha Tupokigwe akauliza tena, polepole, "Dada, hujalala tangu lini?"

Mzee wa boma alitazama kibanda, akamtazama daktari, akatazama chini. Akaingia nyumbani kwake na kutoka na vigoda viwili, akavipangusa kwa kiganja, akawawekea wageni kivulini.